Mweso si kimbilio la wavivu

Ukipita Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo jioni, huku kwetu Karagwe na Kyerwa, ukawakuta wanaume wawili wameinamia kipande cha mti chenye mashimo na wengine wanane wamewazunguka wakibishana, hutachelewa kusikia hukumu: hao hawana kazi. Anayeitoa si mpita njia peke yake. Mwalimu huitoa mbele ya wanafunzi, mhubiri huitoa ibadani, mtendaji wa kijiji huitoa kwenye mkutano wa hadhara. Siku hizi hata kijana mwenye simu nzuri ana yake: bao ni la wazee, mchezo wa akili uko kwenye simu. Na akitokea mtu wa pwani ataongeza kwamba bao lenyewe liko Unguja, hiki cha huku bara ni cha watoto wachunga mbuzi.

Hukumu zote tatu ni za uongo, na zinatuumiza. Nazipinga moja baada ya nyingine, na nitakaa zaidi kwenye mchezo wenyewe, mweso, ambao ndio bao la huku kwetu, kwa sababu wengi wanaoudharau hawajawahi kuucheza hadi mwisho.

Nianze na uvivu, maana hoja hiyo ina mkono wa dola nyuma yake. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwaambia wakuu wa mikoa wapya wasikubali vijana washinde kwenye meza za pool asubuhi badala ya kufanya kazi. Alichotaja ni pool. Lakini tunajua agizo la mkubwa hupanuka kila linaposhuka ngazi, na huku chini bao na drafti navyo vikaingizwa humo humo. Hadi leo kiongozi anayetaka kuonekana mchapakazi huanzia kijiweni, kwa wazee wa bao, kwa sababu hao hawana wa kuwatetea. Serikali hiyo hiyo inapofanya michezo ya SHIMIWI, ya watumishi wa wizara na idara zake, huweka bao kwenye orodha ya mashindano pamoja na karata na drafti, na washindi hurudi ofisini na vikombe. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao na hatujasikia mtu akimwita mvivu. Sasa tuambiwe: mchezo mmoja unawezaje kuwa heshima kwa mwenye mshahara na uzembe kwa mwenye shamba la migomba?

Mkulima wa Karagwe na Kyerwa ana saa zake, wala si za ofisini. Huingia kwenye kibanja alfajiri, hupogoa, hukata majani, huanika kahawa, na jua likichachamaa hurudi nyumbani. Anayemkuta kijiweni saa kumi na kusema hajafanya kazi hakuwepo saa kumi na mbili asubuhi. Na kama kweli tunahofia muda na fedha za vijana, mbona hatugusi mashine za kamari za dubwi zilizopachikwa kwenye kuta za maduka hadi vijijini? Mbona mkeka wa kubashiri timu za Ulaya unaandikwa mchana kweupe na hakuna anayefukuzwa? Mweso hauli shilingi ya mtu. Kete ni mbegu au vijiwe, na asiye na ubao huchimba mashimo ardhini. Nadhani hilo ndilo kosa lake. Mchezo usio na kampuni hauna wa kuusemea.

Sasa tuingie ubaoni. Mweso, ambao majirani zetu wa Uganda huuita omweso na wa Rwanda igisoro, una safu nne za mashimo manane manane, jumla 32. Kete ni 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, mashimo 16, na kete 32. Huanza kwa kuchota shimo lenye kete mbili au zaidi na kusambaza moja moja kinyume cha mwendo wa saa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete, unachota zote na kuendelea. Lakini ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya mpinzani yanayolielekea yana kitu, unakula yote mawili, kisha unasambaza ulichokula ukianzia pale ulipoanzia mzunguko ule. Anayebaki bila shimo lenye kete mbili hawezi kusogea, ameshindwa.

Hakuna dado wala karata iliyofunikwa. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili na ya watazamaji. Wanaosema mweso ni bahati waoneshe bahati inaingilia wapi. Nimetafuta sijaiona.

Tazama hesabu inayofanyika kichwani mwa mtu tunayemwita hajasoma. Tuyape mashimo yako namba: moja hadi nane ni safu ya mbele kutoka kulia kwenda kushoto, tisa hadi kumi na sita ni safu ya nyuma kutoka kushoto kurudi kulia. Una kete tano kwenye shimo la tatu. Ukizisambaza, ya mwisho inafika la nane, ambalo ni kichwa cha safu ya mbele. Kama lina kete na mpinzani ana tisa katika mashimo mawili yanayolielekea, unazila, unarudi kwenye la tatu na kusambaza hizo tisa: unafika la kumi na mbili. Angekuwa na kumi badala ya tisa, ungefika la kumi na tatu. Huenda la kumi na mbili ni tupu ukalala, na la kumi na tatu lina kete sita za kukupeleka tena safu ya mbele kula mara ya pili. Tofauti ya kete moja ndiyo ushindi au kushindwa. Na mchezaji mzuri wa kijijini hahesabu kwa vidole. Anajua kwamba kete 16 humzungusha ubao wake wote mara moja, anatoa 16 kwenye rundo kubwa na kuangalia baki. Shuleni tunafundisha jambo hilo hilo kwa chaki na watoto wanasinzia.

Halafu kuna jambo ambalo mgeni huchelewa kulielewa, nami nalipenda kuliko mengine yote. Ili uliwe, mashimo yako mawili yanayofuatana, la mbele na la nyuma, lazima yote yawe na kete. Moja likiwa tupu, jingine haliliki. Ukiona safu ya mbele ya mzee iko wazi kama uwanja wa mnada siku isiyo ya mnada, usidhani amefilisika. Ametengeneza ngao. Marundo yake yako nyuma, yamefunikwa na utupu, na wewe uliyejaza mbele na nyuma kwa fahari ndiye uliye hatarini. Vijana wanaoanza hutaka kutandaza kete kila mahali ili waonekane matajiri. Wakishafika kwenye kete moja moja kila shimo, hawana la kuchota, na mchezo umekwisha wakiwa bado na kete nyingi ubaoni. Mweso unafundisha kwamba kuwa na vingi vilivyotawanyika si kuwa na nguvu, na unafundisha hilo kwa kukufunga kabisa.

Kuna pia njia ya kurudi nyuma. Kutoka mashimo manne ya kushoto kabisa, mawili ya mbele na mawili ya nyuma, mchezaji anaruhusiwa kusambaza kwa mwendo wa saa ikiwa safari hiyo inampa mlo wa moja kwa moja. Kanuni hii ndogo inabadilisha kila kitu. Kona ile ya kushoto inakuwa ya kuogopwa, kwa sababu shambulio laweza kutoka pande mbili, na mpinzani analazimika kusoma ubao kwenda na kurudi. Nimewaona wachezaji wanaoweka kete zao bora hapo na kuziacha bila kuzigusa zamu nyingi, kuwepo kwazo tu kukimlazimisha mpinzani acheze kwa woga. Na katika mweso wa Uganda, anayekula vichwa vyote viwili vya mpinzani katika zamu moja hushinda papo hapo. Wao huuita ushindi huo emitwe ebiri, yaani vichwa viwili. Kwa hiyo hata anayeongoza kwa kete hana usingizi.

Lakini kiini cha mweso kiko kabla ya kete ya kwanza kusambazwa. Wachezaji hupanga wenyewe kete zao 32 katika mashimo yao 16, kila mmoja kwa mpango wake. Mmoja atalundika nyuma na kuacha mbele wazi, apokee mashambulizi mpaka mwenzake achoke. Mwingine ataweka mbili mbili na tatu tatu mbele ili aanze kula tangu zamu ya kwanza. Wa tatu atajenga kona ya kushoto. Mipango inayowezekana kwa upande mmoja ni 751,616,304,549. Anayeshuku na amwendee mwalimu wa hisabati wa kidato cha sita amkokotolee machaguo ya 15 kutoka 47. Na hiyo ni ya upande mmoja, mpinzani naye ana idadi hiyo hiyo.

Wapenzi wa chesi watauelewa uzito wa jambo hilo. Mwaka 1996, mjini Buenos Aires, Bobby Fischer, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alitangaza chesi mpya ambayo vipande vya safu ya nyuma hupangwa upya kwa kila mchezo, kwa sababu aliona mabingwa wanashinda kwa kukariri miendo ya mwanzo badala ya kufikiri. Mipangilio yake ni 960, na dunia ilimsifu kwa uvumbuzi. Mweso umeliacha suala hilo mikononi mwa wachezaji wenyewe, na anayekariri mpango wa jana atakutana leo na mtu aliyeupanga ubao wake mahsusi kuuvunja. Hapa Afrika Mashariki tumefurahia, na ni haki kufurahia, habari ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe nchini Uganda, aliyeinuliwa na chesi hadi akatengenezewa filamu mwaka 2016. Sina neno na chesi. Neno langu ni kwa mfadhili na mwalimu wanaoleta seti za chesi za plastiki kwenye shule ya Kyerwa ili zikawafundishe watoto kufikiri, huku wakimchapa mtoto aliyekutwa akicheza mweso nyuma ya darasa.

Nimgeukie ndugu yangu wa pwani. Bao la Kiswahili ni mchezo mkubwa, na sitaki kulishusha ili niuinue mweso. Mholanzi Alexander de Voogt alitetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar na upeo wa akili zao, na walistahili. Ningependa kuona kazi ya namna hiyo ikifanywa Bweranyange na Kaisho. Ninachokataa ni ngazi, kwamba bao la pwani liko juu na mweso ni hatua ya chini yake. Katika bao la pwani mwanzo umefungwa: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili pembeni yake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Kinacholiwa ni kete za safu ya mbele. Katika mweso mwanzo uko huru na kinacholiwa ni mbele na nyuma pamoja, hivyo kosa moja huweza kukuondolea nusu ya mali. Bao la pwani linakupa namua ya kujenga polepole, mweso unakuingiza vitani mara moja. Ni ufundi wa aina mbili. Anayeipima michezo hii kwa fimbo moja hajacheza mmojawapo.

Wala si kweli kwamba watu wa Karagwe waliubakiza mchezo wao kwa kutokuona mwingine. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, karibu na makao ya Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, huko Bweranyange. Msafiri wa Kizungu Speke alipofika Novemba 1861 alikuja na msafara wa watu wa pwani, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, na msafiri mwingine, Stanley, alipofika mwaka 1876 alimkuta huko Kafuro Mwarabu aliyekuwa amekwisha kuwa mwenyeji. Karagwe ilikuwa njia panda ya kwenda Buganda. Pamoja na ujirani wote huo, nchi za Maziwa Makuu zimebaki na mweso na igisoro zao. Watu hawashikilii kwa miaka mingi namna hiyo kitu kisichowatosheleza.

Inabaki hoja ya kijana wa simu, ambayo naiheshimu zaidi kwa kuwa kijana huyo kweli anapenda michezo ya mbinu. Kwenye simu yake anaongoza kikosi cha askari mraba kwa mraba, kila mmoja na silaha yake na jina lake, na kabla ya vita anachagua nani asimame wapi. Michezo ya aina hiyo ina historia yake: Fire Emblem ilitoka Japani mwaka 1990, Final Fantasy Tactics mwaka 1997. Na kwa miaka mingi sasa mashabiki wenyewe wameifumua, wametunga ramani mpya, wamebadili nguvu za wahusika, wameandika hadithi zao na kugawiana bure bila kulipwa na kampuni yoyote. Wengine huicheza hiyo ya mashabiki kwa hamu kuliko ya kampuni, wakijadili usiku kucha ni askari gani apewe nini. Huo ni ubunifu wa kweli, na sioni sababu ya kuubeza.

Basi mwambie kijana huyo atazame kijiweni. Mweso ni mchezo wa mbinu uliotungwa na wachezaji wake na haujawahi kuwa na mwenyewe mwingine. Kupanga kete ndiko kupanga kikosi. Aliyechonga ubao ni mchezaji, aliyeokota mbegu ni mchezaji, na kanuni zinalindwa na watazamaji wanaopiga kelele mtu akidondosha kete mbili shimo moja. Wapo wanaoona aibu kwamba kanuni hutofautiana, hapa kurudi nyuma kunaruhusiwa hivi, kule vile, na wanahitimisha kwamba mchezo usio na kitabu si mchezo. Mbona shabiki wa kompyuta akibadili kanuni anaitwa mbunifu, na mzee wa Kyerwa akifanya hivyo anaitwa asiye na utaratibu? Wawili wakikutana Murongo, mmoja akiwa amevuka daraja la mto Kagera kutoka Kikagati, hukubaliana kwanza: tunacheza kwa kanuni zipi, nani aanze, vichwa viwili vinahesabiwa au la. Makubaliano hayo ya mdomo hushikwa hadi mwisho bila refa. Tungekuwa na uaminifu huo kwenye mizani ya kahawa, wakulima wetu wangelala vizuri.

Na tofauti moja na simu haifichiki. Kwenye simu mashine ndiyo inayokokotoa. Inakuonesha kabla hujapiga kwamba pigo litampunguzia adui kiasi gani. Kwenye mweso hakuna anayekuhesabia. Wenzako hawakusubiri, ukisita wanaanza kukuzomea, na ukishachota umechota. Mwendo waweza kuwa mrefu kiasi cha mikono kuchoka. Kuna mipangilio inayozunguka bila kulala kabisa, ambayo ingeendelea milele kama watu wasingeikatisha. Kuiona safari nzima ya namna hiyo kabla ya kugusa shimo ni kazi ngumu ya akili, na wapo wanaoiweza huku wakizungumza bei ya ndizi.

Kuna lawama moja juu ya vijiwe vyetu ambayo siipingi, na wanaoutetea mweso kwa mapenzi tu huikwepa. Wasichana hawapo. Wakati kaka zao wanatazama bao jioni, wao wako kisimani au jikoni, na akisogea mmoja ataulizwa anatafuta nini kwa wanaume. Hakuna kanuni ya mweso inayohitaji mwanaume. Huo ni ubaguzi wetu, na umeunyima mchezo nusu ya akili za Karagwe na Kyerwa. Dawa yake ni kuupeleka mweso mahali ambapo wasichana wapo, yaani shuleni.

Ndiyo maana nasema na maofisa utamaduni na maofisa elimu wa halmashauri za Karagwe na Kyerwa. Michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, huanzia kwenu, ngazi ya shule na kata, na hapo mna nafasi ya kuweka mashindano ya mweso ya wavulana na wasichana hata kama taifa halijawaagiza. Ubao utachongwa na mafundi wa kijijini au na wanafunzi wenyewe. Walimu wa hisabati, wekeni ubao mmoja darasani mnapofundisha kugawanya na baki. Redio za jamii, ikiwemo FADECO, zina wasikilizaji wanaoujua mchezo huu kuliko mimi. Wapeni kipindi wabishane hewani juu ya kulundika nyuma na kushambulia mapema. Watendaji wa vijiji, kabla hamjawafukuza wachezaji kijiweni, fukuzeni kwanza dubwi.

Na wewe mwenye simu, una kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya kwa wepesi wako. Nenda kwa mzee anayeogopwa kijijini kwenu, mwombe apange kete zake 32 kabla ya mchezo, piga picha, andika hesabu ya kila shimo na sababu aliyokupa. Fanya hivyo kwa kila mpango anaoujua. Chesi ina maktaba ya miendo iliyoandikwa kwa karne kadhaa, na mipango ya wazee wetu inakaa kichwani mwao peke yake. Anza wiki hii, wakiwa bado wapo wa kukujibu.